Kifaa cha wasioona "chenye Wi-Fi" kinachoshindwa na Wi-Fi zetu za Uganda

Wakuu, habari za humu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Arua, sioni tangu utotoni. Tangu Baraza la Mawaziri lipitishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, kazi imeongezeka, na mwalimu wa lugha anahitaji kuisikia ikizungumzwa na wenyewe kila siku. Redio nyingi za hapa ni Kilugbara na Kiingereza. Basi ndugu wakanichangia, nikanunua kwa wakala mmoja wa Kampala kile kifaa cha mkononi cha kusikilizia vitabu: kina vitufe vya kupapasa, kinaongea, kinasoma vitabu vya DAISY (mfumo wa vitabu vya kidijitali vya wasioona), na wakala akanihakikishia kwamba "kina Wi-Fi, utapata redio za dunia nzima na podikasti". Bei siitaji, mke wangu yumo humu.

Wi-Fi kweli kinayo. Ila aliyekiunda alidhani kila kipofu duniani ana ruta yake sebuleni.

Huku kwetu Wi-Fi ya mtu wa kawaida ni ya bure hotelini au chuoni, la sivyo ni hotspoti ya simu. Ile ya bure ukishajiunga, inakufungulia kwanza ukurasa: andika namba ya simu, subiri namba ya siri kwa SMS, weka tiki kwamba umekubali masharti. Kifaa changu hakina brauza. Nimekaa hoteli moja hapa mjini, chai mezani, kifaa kinanitangazia kwa Kiingereza chake kwamba kimeunganishwa. Nabonyeza redio. Kimya. Kisha kinasema kuna hitilafu ya mtandao. Kijana wa mapokezi anakuja kuangalia, ananiambia, "Lakini mwalimu, imeshika, alama naiona hapa." Imeshika ndiyo, ila imesimama mlangoni inasubiri tiki ambayo mimi siioni na kifaa hakijui kama ipo! Fundi wa mtandao anaweza kukipitisha kwa kuandikisha anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao, ili kisipelekwe kwenye ukurasa ule. Haya, nendeni hotelini mkaulize nani anashughulika na hayo.

Na kabla hujafika huko kuna paswedi. Vitufe ni kama vya simu ya kabambe ya zamani, kwa hiyo herufi s ni kubonyeza 7 mara nne. Ukisita baada ya ya tatu, imeandika r. Herufi kubwa zina utaratibu wake, na alama ya @ imechimbiwa kwenye 1 pamoja na nukta na mkato na ndugu zao wote. Kila herufi inatamkwa kwa sauti, kwa hiyo usipovaa spika za masikioni, paswedi ya watu inasikika hadi jikoni.

Mtaniambia nitumie hotspoti. Ndiyo ninayoitumia, na ndipo hasira yenyewe ilipo.

Kifaa kinashika masafa ya 2.4 GHz tu. Simu nyingi za siku hizi unaweza kuzikuta hotspoti imewekwa 5 GHz, na kifaa hakikwambii "masafa hayalingani", kinakwambia tu mtandao haupo. Simu ipo mfukoni! Nililijua hili kwa mwanafunzi wangu mmoja, si kwa wakala. Ukirekebisha, ukaanza kusikiliza, ukasimamisha podikasti uongee na mgeni, kifaa kinazima Wi-Fi kutunza betri, simu nayo ikiona hakuna aliyejiunga inazima hotspoti. Ukirudi unaanza upya, na podikasti inayosikilizwa moja kwa moja haikumbuki ulipofikia. Inarudi mwanzo, na bando linalipwa mara ya pili kwa maneno yale yale.

Bando hilo si la kuchezea. Redio ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula takriban MB 58 kwa saa, yaani GB 1 inakwisha kwa saa 17 hivi. Stesheni hiyo hiyo ikirushwa kwa kilobiti 32 ingekula robo tu, na kwa mtu anayesikiliza maneno matupu, si muziki, inatosha kabisa. Lakini kifaa hakina pa kuchagua. Kinachukua kile kilichomo kwenye orodha yake, na orodha yenyewe niliyokuta imejaa jazi ya Ulaya na mahubiri ya Marekani. DW Kiswahili na TBC Taifa ilibidi niziongeze mwenyewe kwa faili la m3u, lile lenye anwani za stesheni, kwenye kompyuta. Yaani kifaa kilichouzwa kuwa cha mtu asiyetaka kompyuta!

Serikali nayo nisiiache. Mwaka 2018 walituletea kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Julai 2021 wakaiondoa, wakaweka asilimia 12 kwenye data. Sheria inasamehe data ya huduma za elimu na afya. Mimi nasikiliza ili nikafundishe. Nani anauona msamaha huo akinunua bando kwa simu?

Nilimpigia wakala. Kwanza akasema nikizime nikiwashe. Mara nyingine akaniambia nisome mwongozo, na mwongozo uliokuja kwenye boksi ni wa karatasi, wa wino. Amemuuzia kipofu!

Na wale wa "tumia simu tu mzee", nawajua mnakuja. Simu ninayo, TalkBack ya kunisomea skrini ninayo, na sauti ya Kiswahili ya Google ni nzuri. Ila darasani, jasho mkononi, kioo laini hakipapasiki, na simu ikiisha chaji nimekosa kitabu, nimekosa na boda wa kunirudisha. Kifaa hiki betri yake ni ya kweli na vitufe vyake navijua gizani, hilo silipingi. Ndiyo maana inauma. Hata sauti ya Kiswahili hakina, maandishi yetu kinayasoma kwa ulimi wa Kiingereza, "ng'ombe" inatoka kama mtu anakabwa. NVDA, programu ya kusomea skrini ya kompyuta, inasoma Kiswahili kupitia sauti ya eSpeak, na zote mbili ni bure.

Uganda ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2018 ili vitabu vya wasioona vivuke mipaka. Kitabu cha DAISY cha maandishi matupu mara nyingi hakifiki hata MB 2. Kinavuka vizuri, kinafika Arua, kinakwama kwenye tiki ya hoteli.

Ninachowataka waunda kifaa: waweke njia ya kupitisha ukurasa wa kuingilia kupitia simu, podikasti ishuke kwanza kwenye kadi ya memori ndipo isomwe, na kikishindwa kiseme kimeshindwa kwa nini. Wakala nimemwandikia yote haya, amesoma, hajajibu.

Walioko Gulu, Mbale, Kampala wenye kifaa cha aina hii: mnatumia simu gani ambayo hotspoti yake haijizimi? Na kuna aliyewahi kurudisha kifaa kwa wakala akapewa hela yake?