Babangu alistaafu nevi, sasa anajaza kaunta buku na historia ya bahari. Kuna wengine kama yeye?

MtotoWaMtongwe:
Wasee habari zenu. Babangu alikuwa nevi huko Mtongwe miaka mingi, alipostaafu tukamleta Nairobi tunakaa naye Umoja, na tangu mwaka jana kazi yake ni kuandika tu. Si eti anaandika maisha yake, hapana, ni mambo ya majahazi, kaskazi na kusi, nani alishika bandari gani. Anapanda mathree mpaka Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, na si kungojea mtu pale nje kama sisi wengine, yeye huingia ndani kabisa na kushinda huko. Ndugu zangu wanasema mzee anamaliza nauli bure, historia ni ya maprofesa. Kwani hakuna mwanamaji ashawahi kuwa mwanahistoria wa maana?

KahawaTungu:
Wako, tena wakubwa. Tafuta Alfred Thayer Mahan, Mmarekani wa kuzaliwa 1840. Jamaa alikuwa ofisa wa nevi lakini bahari yenyewe hakuipenda, na meli alizopewa zilikuwa na mazoea ya kugongagonga vitu, hahaha. Akiwa zamu huko Peru aliingia maktaba ya klabu moja Lima akasoma historia ya Roma, akaanza kujiuliza, je Hannibal, yule jemadari wa Carthage aliyevamia Roma, angepitia baharini badala ya kuzunguka nchi kavu na jeshi lote lile? Hapo ndio kitabu chake cha nguvu za majini katika historia kilianzia. Kilitoka 1890 kikasomwa mpaka na Kaisari wa Ujerumani. Na unajua wakubwa wake walisema nini? Kwamba kuandika vitabu si kazi ya ofisa wa majini. Kwa hivyo hao ndugu zako hawajaanza wao.

Mama_Wawili:
Mahan sawa lakini kwa mzee wetu mimi ningempelekea Philip Colomb, huyu alifika kwetu. Mwingereza, aliongoza meli ya Dryad kuanzia 1868 ikiwinda majahazi ya watumwa Bahari ya Hindi, na 1873 akatoa kitabu kuhusu hiyo kazi. Baadaye 1891 akaandika kingine kikubwa cha historia ya vita vya majini, bahati mbaya Mahan alikuwa ashamtangulia mwaka mmoja tu, sifa zote zikaenda huko. Halafu muulize mzee kama alifunzwa kuongea kwa taa, mmuliko mfupi na mrefu, maana Colomb ndiye aliyebuni ile mitindo nevi ya Uingereza ikaikubali 1867.

Mswahili wa Eastleigh:
Colomb msome lakini usimeze kila kitu. Hao wanamaji walikuwa wanalipwa zawadi kwa kila mtumwa waliyemkamata au kwa tani za jahazi, na jahazi likishachomwa baharini nani atabisha lilikuwa la biashara ya halali? Na wakati huo kuhamisha watumwa ndani ya milki ya Sultani wa Zanzibar kulikuwa bado kunaruhusiwa, mkataba wa 1845 ulikataza kuwapeleka nje tu, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi ule wa 1873. Sasa wewe ofisa hujui Kiswahili wala Kiarabu, umeingia jahazini umekuta watu weusi, ni mabaharia, ni abiria ama ni wa kuuzwa? Unamtegemea mkalimani, na mkalimani naye ana yake. Hiyo sehemu nahodha Mzungu hawezi kuimaliza, ni ya mtu kama mzee wako anayejua jahazi na lugha ya watu waliomo. Mwambie asiruke hapo.

MtotoWaMtongwe:
Asanteni sana aki. Nimemsomea yote jana usiku. Hiyo ya Mahan kugongagonga alicheka mpaka akakohoa, akasema anajua mmoja wa hivyo lakini hawezi taja jina. Ya taa aliinuka akazima stima ya sebule akachukua tochi akaanza kunionyesha, jirani wa ng'ambo akapiga simu kuuliza kama tuko sawa. Leo asubuhi ameniagiza kaunta buku ingine, anataka ile nene ya kwaya 4 kwa sababu hiyo stori ya mkalimani anasema itakula kurasa.