Sofiboksi mbili sebuleni lakini sura inatoka bapa kama picha ya pasipoti, nakosea wapi?

mpigaji_wa_tabata
Wakuu habari za jioni. Nimenunua seti ya sofiboksi mbili (taa zenye boksi la kitambaa cheupe mbele kulainisha mwanga), zile za sentimita 50 kwa 70 zenye balbu ya kuzungusha, nataka nianze kupiga watu picha hapahapa sebuleni. Jana nikamkalisha dada angu ana mahafali mwezi ujao, taa moja kushoto moja kulia, zote nimezibananisha ukutani maana makochi yamejaa. Sasa sura inatoka bapa, pua ina vivuli viwili, na dada ni mweusi wa kung'aa kabisa ila kwenye picha kapauka kama kapakwa majivu. Nyingine zina mistari myeusi inakatiza picha nzima. Dukani wananiambia niongeze taa ya tatu na hela ndo imeisha hivyo. Msaada tafadhali

fundi_kivuli
Usinunue kitu mkuu. Zima taa moja.

Siku hizi kila mtu anaweka mbili zinazotazamana kwa nguvu sawa, zinafutana vivuli, na sura bila kivuli haina umbo. Iliyobaki ivute karibu, hapa ndo watu wengi wanafeli. Sofiboksi ikiwa mita mbili na nusu ni kataa kadogo tu, vivuli vyake vinakatika vikali, ila ukiileta mita moja inakuwa kubwa mbele ya uso na kivuli kinalainika chenyewe, na ukitoka mita mbili ukaja moja mwanga unaongezeka mara nne kwahiyo ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) unashusha. Iweke pembeni kama nyuzi 45, juu kidogo ya macho, iinamie chini. Angalia jicho, ukiona kidirisha cheupe upande wa juu umepatia. Upande wenye giza weka kipande cha stairofomu, hata boksi la friji ile ngozi yake nyeupe, kirudishe mwanga kidogo. Makochi toa nje bana, studio ni studio

bibi_lenzi
Hiyo mistari sio kamera mbovu. Umeme wetu ni hezi 50, balbu za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) ikiwa 1/250 ya sekunde inadaka mpepeso nusunusu. Rudi 1/100 au 1/50, mwambie dada atulie.

Na kuhusu majivu, we tyubu ya darini ulizima? Na ukuta wenu rangi gani?

mpigaji_wa_tabata
Tyubu ilikuwa inawaka 😅 ukuta kijani

bibi_lenzi
Basi hapo hapo mdogo wangu. Zima tyubu, shusha pazia, tundika shuka jeupe upande ule wa ukuta la sivyo kijani chote kinarudi shavuni. Waiti balansi (mpangilio wa kamera unaofanya nyeupe iwe nyeupe) usiache oto, pima kwa karatasi nyeupe akiwa ameishika. Pia kamera ikiwa oto ikiona ngozi nyeusi na nyuma kuna giza inadhani picha haina mwanga, inaongeza, ndo anapauka, wewe shusha stopu moja, yaani mwanga nusu. Na poda msizidishe jamani, ule mng'ao wa shavuni ndo unachora sura yake, futa jasho tu kwa tishu maana feni mmezima

mpigaji_wa_tabata
Nimerudi. Taa moja, mita moja, shata 1/100, stairofomu nimekopa ya boksi la TV. Aisee!! Shavu lina umbo, ngozi imekuwa ngozi. Dada kashaiweka status, mimi hata jina sijatajwa. Sasa mzee naye anataka ya kwake na ana miwani, vioo vyote vinaonyesha sofiboksi mbili nyeupe

fundi_kivuli
Mbili?? Si nilikwambia uzime moja

mpigaji_wa_tabata
Nilisahau mkuu 😂

fundi_kivuli
Zima, iliyobaki pandisha stendi juu zaidi, mwambie ainamishe kidevu na ile mikono ya miwani ainyanyue kidogo juu ya masikio. Vioo vitatazama chini, mwanga utamkwepa