C3 huitambuaje RhoA, na kwa nini bendi hutoka hafifu?

bafa_baridi:
Wakuu, salaam. Nauliza kuhusu C3, kimeng'enya cha Clostridium botulinum kinachobandika ADP-ribosi kwenye asparajini (amino asidi) namba 41 ya RhoA, protini ndogo inayofanya kazi kama swichi ndani ya seli. Mmenyuko una NAD (molekuli inayotoa ADP-ribosi) yenye bayotini, alama inayoonyesha bendi kwenye jeli, mikromola 10, nyuzi 37, dakika 30. RhoA iliyosafishwa hutoa bendi nzito karibu na kilodaltoni 22. Nikitumia majimaji ya seli zilizopasuliwa, bendi hiyo hufifia na nyingine nene hujitokeza kwenye 113. Tena, RhoA ina asparajini kadhaa. Kwa nini iguswe hii moja tu?

kitanzi_ARTT:
Naanza na la mwisho, maana ndilo tamu. Asparajini peke yake haitoshi kuivuta C3. Rac1, ndugu wa RhoA, nayo inayo mahali pale pale, namba 39, lakini C3 huigusa kwa shida sana. Kinachosomwa ni sura ya uso mzima unaoizunguka: arginini 5, lisini 6, glutameti 40, valini 43, glutameti 47 na 54. Rac1 ikibadilishwa iwe na hizo, C3 huikubali.

Upande wa C3 kuna kitanzi kifupi chenye fenilalanini 209 na glutamini 212, hatua mbili tu kabla ya glutameti 214 inayoendesha mmenyuko. Glutamini hiyo ndiyo inayoishika asparajini. Ukiigeuza kuwa glutameti, kimeng'enya huiacha RhoA na kuanza kubandika kwenye arginini! Sumu ya C2 ina glutameti mahali hapo, ndiyo maana huiendea arginini 177 ya aktini (protini ya nyuzi za kiunzi cha seli) ingawa NAD ni ile ile.

protini_safi:
Mkuu, bendi ya 113 karibu hakika ni PARP1, kimeng'enya cha seli yenyewe kinachotumia NAD, ikijibandika ADP-ribosi. Weka 3-aminobenzamidi, kizuizi chake. Usiweke nikotinamidi: ni zao la mmenyuko wa C3 yenyewe, kwa hiyo utaikaba pia.

Ufifiaji una sababu mbili. NAD ya seli ni mamia ya mikromola. Hata ikizimuliwa mara 20 inatosha kushindana na ile ya bayotini, na isiyo na bayotini hupendelewa. Pitisha majimaji kwenye safu ya G-25 kwanza, ichuje molekuli ndogo kama NAD. Pili, RhoA nyingi ya sitoplazimu imekumbatiwa na RhoGDI, protini inayoizuia, na C3 haiifikii. SDS (sabuni ya maabara) asilimia 0.01 huiachanisha, lakini ukizidisha unaharibu kimeng'enya. Bakiza MgCl2 milimola 2, kwani EDTA hunyakua magnesi, GDP (nukleotidi iliyoshikwa na RhoA) hung'oka, na RhoA huanza kulegea.

bafa_baridi:
Asante sana. Nitahakikishaje kuwa bendi ya 22 ni asparajini kweli?

kitanzi_ARTT:
Loweka sampuli kwenye hidroksilamini mola 0.5, pH 7.5, saa 2. Kifungo cha arginini hukatika. Cha asparajini hubaki. Kwenye spektrometa ya masi, ukitumia NAD isiyo na bayotini, tafuta nyongeza ya daltoni 541. Ukiona 162, hiyo ni glukosi kwenye threonini 37, kazi ya sumu B ya Clostridioides difficile, na RhoA ya namna hiyo C3 haitaibandika tena.