Mgeni aliyekifanya chandarua mto sasa anatuita wafugaji wa mbu

Mwenyeji_Kisumu: Wanajukwaa, ninatetemeka kwa hasira, si kwa homa. Yule bwana mnayemjua, yule wa ng'ambo anayekohoa kwanza ndipo aseme Kiswahili, ameandika asubuhi hii kwenye kundi la ukoo kwamba anaumwa malaria, na kwamba sisi tuliomlaza ni wafugaji wa mbu. Wafugaji wa mbu! Anasema hayo mtu aliyekishusha chandarua chenye dawa nilichomtundikia kwa mikono yangu, akakikunja mara nne, akakifanya mto.

Nilipomuuliza, alinijibu mbele ya watoto kwamba yeye ni mzaliwa wa hapa na mbu wa ziwani ni jamaa zake. Kinga anayoipata mtu kwa kukulia huku hufifia akikaa ughaibuni miaka mingi, na mbu hawaulizi kitambulisho. Dawa ya kuzuia malaria alikuwa nayo, doksisaiklini, ambayo huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kufika na kumezwa kila siku hadi wiki 4 baada ya kuondoka, kwa kuwa vimelea hujificha kwanza kwenye ini ndipo viingie damuni. Yeye alimeza siku alizokumbuka, akaiaga dawa pamoja nasi kwenye uwanja wa ndege. Jioni, anofelesi, mbu waenezao malaria, wanapotoka kutafuta riziki, alikuwa ufukweni Dunga na kaptula yake, anakula samaki naye analiwa. Kisha alirudi kukilalia chandarua changu. Mto, wanajukwaa!

Mluhya_Mpole: Pole, dada. Lakini tuambie, alikoroma? Huenda nyumbani kwako hakuna mito.

Bonde_Nakuru: Afadhali huyo alibeba dawa. Shemeji yangu, kwa sababu huku kwetu juu malaria ni nadra, huteremka Siaya kwenye matanga, akakesha nje chini ya turubai, na akirudi na homa husema ni uchovu wa matatu. Kupimwa hataki.

Mvuvi_HomaBay: Mto ni heshima. Huku vyandarua vinaanikiwa omena.

Mwenyeji_Kisumu: Turudi kwenye jambo langu. Alikikunja mara nne.

Duka_la_Dawa_Busia: Ninyi hamjaona mateso. Dozi ya AL, dawa ya kutibu malaria, kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3, lakini wateja wangu huacha homa inaposhuka siku ya pili, wakavifungia vilivyobaki kabatini kwa ajili ya wageni.

Bonde_Nakuru: Basi ndivyo shemeji alivyopewa vidonge 6 kule Siaya na mwenye matanga!

Mluhya_Mpole: Daktari wa Busia, ninavyo 8 tangu mwaka jana. Je, nikiongeza hivyo 6 vya shemeji?

Duka_la_Dawa_Busia: Mimi si daktari, na wewe nenda ukapimwe.

Mluhya_Mpole: Siumwi. Ninauliza bei.