Milioni 36 kwa jina la mtu mmoja

*Kikundi cha simu cha Ukoo wa Mtambwe, Pemba, Ijumaa baada ya sala ya Isha*

Khamis (saa 2:20 usiku): Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zangu na watoto wangu, nakuarifuni kwamba hesabu ya karafuu za misimu hii miwili imekamilika. Baada ya kuwalipa wachumaji, waanikaji na gari iliyochukua magunia hadi kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la Serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, zimebakia shilingi 36,000,000. Kwa sasa ziko kwenye akaunti yangu, na Jumatatu inshaallah nitazihamishia zote katika ile benki ndogo iliyofungua ofisi mjini mwaka huu, kwa sababu wafanyakazi wake wananifahamu, foleni haipo na makato yao ni madogo. Zitakaa huko kwa jina langu mpaka tutakapokubaliana kuhusu kuiezeka upya nyumba ya marehemu Baba.

Zuwena (saa 2:26): Waalaikumu salaam Kaka. Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa kusimama juani na wachumaji siku zote hizo, na sisi tumekaa ndani.

Salma (saa 2:41): Shikamoo Ami. Naomba ruhusa yako niseme neno kabla ya Jumatatu, na naomba lisipokewe kama mtoto anayemkosoa mzee wake. Kazi yangu ya uhasibu imenionyesha jambo ambalo watu wengi hulijua siku mlango wa benki ulipokwisha kufungwa. Amana zetu zinalindwa na Bodi ya Bima ya Amana, lakini kinga hiyo humhesabu mtu na ina kikomo. Tangu mwaka 2023 kikomo ni shilingi 7,500,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki, na kabla ya hapo kilikuwa 1,500,000 tu. Benki ile ikifutiwa leseni, kwenye vitabu vyake litaonekana jina moja, Khamis, na jina hilo litalipwa 7,500,000. Hakuna atakayejua kwamba ndani yake mna haki za warithi wanne. Shilingi 28,500,000 zitakazobaki zitageuka kuwa dai la kusubiri mali za benki ziuzwe na madeni yake yakusanywe, na dai la namna hiyo linaweza kulipwa nusu, robo, au lisilipwe kabisa.

Bakari (saa 2:47): Dada Salma, nakuheshimu, lakini maneno haya yamenichoma. Benki haifunguliwi kama genge la mboga. Ina leseni ya Benki Kuu na inakaguliwa. Baba amezishika fedha za ukoo huu tangu Babu alipofariki na haijapotea hata shilingi. Sasa ghafla tunaambiwa zigawanywe, kana kwamba ameonekana na kasoro.

Salma (saa 3:02): Bakari, ndugu yangu, uaminifu wa Ami sina shaka nao hata kidogo. Ninachokisema ni kwamba yeye anaweza kuwa mwaminifu kuliko sisi sote na fedha zikapotea vilevile, kwa sababu ya mikopo waliyopewa watu asiowajua. Benki Kuu inakagua, ni kweli, na ukaguzi huohuo ndio unaoifikisha kwenye uamuzi wa kufunga. Tarehe 4 Januari 2018 ilizifutia leseni benki tano kwa siku moja: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Meru Community Bank na Kagera Farmers' Cooperative Bank. Miezi michache kabla yake, Mei 2017, ilikuwa imeifunga Mbinga Community Bank kule Ruvuma. Zote hizo zilikuwa na leseni ukutani hadi siku ya mwisho. Sababu iliyotolewa ni kwamba mitaji yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha sheria, na Bodi ya Bima ya Amana ndiyo iliyoteuliwa kuwa mfilisi, yaani msimamizi wa kukusanya mali za benki na kuwalipa wanaoidai.

Mtaji, kwa lugha ya nyumbani, ni fedha za wenye benki wenyewe zinazotangulia kuliwa na khasara kabla khasara haijagusa amana za wateja. Mikopo isiyolipwa, ile wanayoiita mikopo chechefu, huutafuna mtaji huo kidogo kidogo. Benki ya mji mmoja ina udhaifu wa ziada, kwa kuwa inakopesha watu wa mji uleule, wanaotegemea zao lilelile. Sisi wenye mikarafuu tunajua kwamba mwaka wa mavuno makubwa hufuatwa na miaka ya kuokota makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Fikiria benki ambayo wakopaji wake wote ni sisi.

Mwanaisha (saa 3:15): Nilikuwa nimenuia kukaa kimya usiku huu, lakini Salma amegusa kidonda changu na naona dhambi kuficha. Mnajua kwamba mimi na marehemu mume wangu tulikaa bara miaka kumi na tisa tukiuza vitambaa. Tuliweka fedha kwenye benki ya wananchi ya mji ule, ambayo sitaitaja jina, na wala hatukuwa wateja tu: tulinunua na hisa za shilingi 400,000, kwa sababu tuliambiwa benki hii ni yenu, na sisi tulifurahi kuitwa wenyewe. Asubuhi moja mume wangu alikwenda kuweka mauzo ya wiki akakuta karatasi imebandikwa kwenye kioo na askari amekaa kwenye kiti nje. Akarudi na fedha zake za mauzo mfukoni, akaniambia, "Mwanaisha, leo nimeokoka na hizi, lakini zilizo ndani sijui."

Zilizokuwa ndani ni shilingi 9,200,000. Tulijaza fomu, tukaonyesha kitambulisho na daftari la benki, na baada ya miezi kadhaa tukalipwa 1,500,000, kikomo cha wakati ule. Kwa zile 7,700,000 tulipewa karatasi ya dai. Hisa hakuna aliyetuuliza habari zake, maana mwenye hisa ndiye wa mwisho kabisa katika mstari, naye hupata tu ikiwa wadai wote wameshalipwa na kimebaki kitu. Duka halikunyanyuka tena.

Ila kilichonitesa zaidi kilikuja baadaye. Mume wangu alifariki mwaka 2021 na dai lile lilikuwa kwa jina lake peke yake. Nikawa sina benki, sina mume, na karatasi si yangu mpaka nikamilishe hati za mirathi. Mpaka leo karatasi zote ninazo kwenye kopo la biskuti.

Zuwena (saa 3:19): Dada, hukupata kutwambia habari ya kopo hilo.

Mwanaisha (saa 3:21): Nilikuwa naona haya, Zuwena. Mtu anaporudi kwao Pemba na begi moja baada ya miaka kumi na tisa, watu hudhani alichezea mali.

Nassor (saa 3:30): Shikamooni wazee wangu. Pole sana Mama Mkubwa. Nami naomba nichangie, kwa sababu Mjomba amesema ameichagua benki ile kwa kuwa wafanyakazi wake wanamfahamu. Kuna mji mdogo wa Elkhart, jimbo la Kansas nchini Marekani, wenye watu wapatao elfu mbili, na benki yao, Heartland Tri-State, ilikuwa na matawi manne tu. Mkurugenzi wake mkuu, Shan Hanes, alikuwa mtu wa kuheshimika mjini na akihubiri kanisani. Akaingia katika mtego wa matapeli wa mtandaoni wa sarafu za kidijiti, na kati ya Mei na Julai 2023 akatuma nje dola milioni 47.1 za benki, wakati mali zote za benki hazikuzidi dola milioni 139. Alichukua hata fedha za kanisa na za masomo ya binti yake. Benki ilifungwa Ijumaa tarehe 28 Julai, na mwaka uliofuata yeye alihukumiwa kifungo cha miaka 24 na miezi mitano. Kila mtu alikuwa anamfahamu.

Lakini kule wenye amana hawakupoteza kitu. Kinga yao ni dola 250,000 kwa kila mtu, na zaidi ya hapo amana zote zilihamishiwa benki nyingine, Dream First, na Jumatatu matawi yakafunguliwa kama kawaida. Waliopoteza ni wenye hisa, majirani waliokuwa wamewekeza akiba za uzee wao. Benki ya Mama Mkubwa haikupata wa kuichukua, ikaenda moja kwa moja kwenye ufilisi. Ndiyo maana naona tusiitegemee bahati ya kupatikana mnunuzi.

Bakari (saa 3:38): Nimesoma yote na nimenyamaza kidogo, kwa sababu habari ya Shangazi sikuwa naijua. Nina swali la kweli. Rafiki yangu alikuwa na mkopo katika benki iliyofungwa, naye anasema benki ikifa deni limekufa, na kwamba hiyo ndiyo nafuu pekee ya mkasa wote.

Salma (saa 3:44): Mwambie aanze kulipa, Bakari. Mkopo ni mali ya benki, sawa na jengo na magari yake, na mfilisi kazi yake ya kwanza ni kuikusanya mali hiyo. Dhamana aliyoiweka bado inaweza kuuzwa. Na tukumbuke fedha hizo zinakwenda wapi: kila mkopaji anayejificha anachelewesha malipo ya mtu kama Shangazi.

Seif (saa 3:52): Kaka, mtoto hakukosa adabu. Macho yangu hayaniruhusu kuandika mengi. Tugawe kwa hesabu ya mirathi, nyumba tutaichangia.

Khamis (saa 4:25): Niliiweka simu chini nikatoka kukaa barazani, na sitakuficheni kwamba nilitoka nikiwa na uchungu. Nimelishika shamba lile miaka kumi na nne. Nimelala kwenye banda la kuanikia mvua zikinyesha, nikizifunika karafuu kwa majamvi na kwa shuka yangu. Kwa hiyo niliposoma mwanzo, nilisikia kwamba natiliwa shaka, na kwa umri wangu huo ni mzigo.

Kilichonigeuza si kikomo cha bima, japokuwa nimekielewa. Ni habari ya Mwanaisha kwamba dai lilibaki kwenye jina la maiti. Nina miaka sabini na moja. Nikifa Jumanne, fedha hizi zote zitaonekana ni zangu, na wanangu watazirithi haki za Seif, Mwanaisha na Zuwena bila ya kujua, au kwa kujua, na nitaulizwa mimi. Benki inaweza kuwa nzima kabisa na dhulma ikapita. Hilo sikuwahi kulifikiria, kwa sababu nilikuwa nahesabu uaminifu wangu na kusahau kwamba hautaishi zaidi yangu.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Sisi ni wana wawili na mabinti wawili, kila mwana mafungu mawili na kila binti fungu moja, kwa hiyo mafungu ni sita, kila fungu ni 6,000,000. Mwanaisha na Zuwena watapata 6,000,000 kila mmoja, mimi na Seif 12,000,000 kila mmoja. Nitumieni namba za akaunti zilizo kwa majina yenu wenyewe. Benki ile sitaikataa kwa kuwa sina ushahidi wa ubaya wake, lakini haitabeba haki za wengine.

Salma (saa 4:31): Ahsante sana Ami, na unisamehe kwa uchungu niliokusababishia. Mabinti wako salama, kwa kuwa 6,000,000 ni chini ya kikomo, ikiwa hawana amana nyingine katika benki hiyohiyo. Wewe na Baba Seif mtazidi kikomo mkiziweka mahali pamoja, kwa hiyo ziwe 6,000,000 katika benki moja na 6,000,000 katika benki nyingine. Namaanisha benki mbili tofauti na si matawi mawili ya benki moja, maana akaunti zote za mtu ndani ya benki moja hujumlishwa pamoja.

Bakari (saa 4:34): Dada Salma, nisamehe na mimi. Baba, Jumatatu nitakwenda nawe nikusaidie kujaza karatasi.

Zuwena (saa 4:40): Mimi sina akaunti ya benki, nina hii ya kwenye simu tu. Na kuna jambo limenitia wasiwasi niliposikia habari ya majina. Kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi kimeandikwa Zuwena, lakini kwenye hati ya mirathi ya Baba karani aliandika Zuena, bila ya w. Watanikubali?

Salma (saa 4:43): Fungua akaunti kwa jina la kitambulisho, Shangazi. Nitakuja Jumanne saa 2 asubuhi nikuchukue, twende benki kwanza kisha mahakamani kuomba hati irekebishwe. Chukua cheti chako cha kuzaliwa pia. Shangazi Mwanaisha, nawe uje na lile kopo.

Mwanaisha (saa 4:45): Nitakuja nalo.