Gates BC-1T: tuifufue au tuichinje?

Mnara77
Wakuu, habari za kazi. Kuna transmita ya masafa ya kati, Gates BC-1T ya kilowati 1, imekaa stoo ya chuo karibu miaka 20. Valvu (taa za kioo za kukuza nguvu) zote nne za 833A zipo, ila panya wamekula baadhi ya nyaya. Uongozi unataka kuiuza kwa watu wa skrepa, sisi wa maabara tunaiona kifaa cha kufundishia. Tupime nini kabla ya kuamua? Na je, inaweza kurudi hewani?

Koili_Nene
Mkuu, kwanza msiiwashe "kuona kama inawaka". Ndivyo mitambo mingi iliyokuwa hai inavyouawa.

Uamuzi wote uko kwenye transfoma. 833A bado zinauzwa. Transfoma ya modulesheni, ile inayotia sauti kwenye mawimbi, ikishaungua, hakuna duka mtakaloikuta. Wekeni balbu ya wati 100 ndani ya kabati kwa siku mbili ikaushe unyevu. Kisha fungueni nyaya za transfoma ya modulesheni, reakta yake na transfoma ya anodi, mpime kila koili dhidi ya kiini kwa mega (kipima insulesheni) ya volti 1000. Megaohm 100 na zaidi, endeleeni. Ikibaki chini ya 10 baada ya kukaushwa, insulesheni imekwisha.

Mega haioni mizunguko iliyoshikana ndani ya koili moja. Kwa hiyo tieni volti 10 za AC kwenye sekondari ya transfoma ya modulesheni, mpime nusu mbili za praimari. Zisipolingana, ichinjeni. Kwa kawaida huungua mtambo unapotiwa sauti kubwa bila mzigo: volti hupanda, cheche hutoboa karatasi.

Ethi_Kwanza
Kabla ya mega, kapasita! Ya mikrofaradi 10 kwenye volti 2,500 ina jouli 31, inatosha kuua. Rezista ya kumwaga chaji ikiwa imekatika, hakuna taa ya kukuonya. Tumieni fimbo ya plastiki yenye ndoano iliyofungwa kwenye ethi, na muiache imening'inia kwenye kapasita muda wote mnaofanya kazi.

Someni pia maandishi ya kwenye kopo la kapasita. Pyranol, Inerteen, Dykanol au Chlorinol maana yake mafuta ya PCB, kemikali yenye sumu, ambayo Marekani ilipiga marufuku kuyatengeneza mwaka 1979. Kopo la zamani lisilo na jina lihesabiwe kuwa nayo. Vaeni glavu za nitraili, lifungieni kwenye pipa la chuma lenye maranda, muwaarifu NEMC, wasimamizi wa mazingira. Hata mkiamua kuuza, hayo yasiende kwa skrepa: wakichoma hutoka sumu mbaya zaidi, na mafuta ya transfoma huishia kwenye karai la chipsi. Hili naliomba kwa dhati.

Mnara77
Asanteni sana. Na zile valvu mbili za 8008 zenye zebaki, zinazogeuza AC kuwa DC?

Koili_Nene
Zikishahamishwa, zebaki hutapakaa kwenye anodi. Washeni filamenti (waya unaopasha valvu) peke yake nusu saa, valvu zikiwa wima, ndipo volti kubwa zifuate. Binafsi ningeweka diodi: 1N5408 (kila moja ya volti 1,000) kumi na sita mfululizo badala ya kila valvu. Volti ya kinyume inafika kama 8,000, hivyo mnabaki na akiba maradufu.

Hezi50
Hakuna aliyegusa masafa ya umeme. Kibati cha transfoma kikisema 60 Hz tu, kwenye 50 Hz yetu kiini hujaa usumaku na transfoma huchemka. Shusheni volti kwa moja ya sita: ya 230 ipewe 192. Lakini filamenti za 833A zinataka volti 10 kamili, hivyo zitafutieni transfoma yake, ya ampea 10 kwa kila valvu.

Siku ya kuwasha, volti za anodi zipande polepole kupitia variaki (transfoma ya kurekebisha volti), na pato liende kwenye mzigo bandia (rezista kubwa badala ya antena) wa ohm 50 unaostahimili wati 1,500, kwa sababu modulesheni ya asilimia 100 huongeza nusu ya nguvu. Swichi za milango zisirukwe, hasa wanafunzi wakiwepo.

Kuhusu hewani: bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, hapana. Hata mkiipata, filamenti nne pekee zinakula wati 400 kabla hamjatamka neno. Kwa matangazo ya kila siku tafuteni ya transista. Hii ibaki maabara, maana mwanafunzi anaona kwa macho kila hatua ya mawimbi, jambo ambalo bodi iliyofungwa haimpi.