Naomba ushauri: amplifaya na spika za zamani kwa kazi ya studio ndogo, bajeti shilingi 400,000

MwanaIlimba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Ninarekodi kwaya pamoja na wapigaji wa ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze katika chumba cha uani hapa Nkuhungu, Dodoma, na kwa miaka miwili nimekuwa nikimiksi kwa kutumia sabufa ya kawaida ya sebuleni. Kazi ikipigwa chumbani kwangu inapendeza, lakini mwenye kwaya akiipiga kwenye gari hunipigia simu kuuliza besi imekwenda wapi. Nimekuja kuelewa kwamba sabufa inaniongezea besi isiyokuwamo, nami kwa kuiamini ninaipunguza ile iliyomo.

Spika mpya za studio zimenishinda bei. Muuzaji mmoja wa vifaa vya mtumba ana amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1980 na jozi ya spika za mbao, kila moja ikiwa na wufa (spika ya besi) ya inchi sita na twita (ya sauti za juu), na vyote kwa pamoja anataka 280,000. Nyuma ya amplifaya pameandikwa 100V, 50/60Hz. Anasema nitafute tu transfoma ya kushusha umeme hadi volti 110 na kazi itakwenda. Je, ninunue, au ninajitafutia hasara?

FundiKizota

Ndugu, wazo lako si geni. Yamaha NS-10, ile yenye wufa nyeupe inayoonekana katika picha za studio nyingi, ilitoka mwaka 1978 ikiwa spika ya nyumbani. Mafundi sauti ndio walioikumbatia, kwa sababu kasha lake limefungwa pande zote na kasoro za sauti za katikati hazijifichi ndani yake. Sikuambii uitafute, maana jina lake limeshaipandisha bei. Ninachosema ni kwamba spika ya sebuleni inaweza kufanya kazi ya studio, mradi iwe nzima na wewe uizoee.

Kwenye umeme muuzaji anakupotosha, labda bila kujua. Transfoma nyingi za kushusha umeme zimepigiwa hesabu ya 220 kuwa 110, yaani zinagawanya kwa mbili. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo utapata 115, ambayo ni asilimia 15 zaidi ya kile ambacho amplifaya hiyo ilitengenezewa. Itawaka na itapiga, ila itachemka kuliko inavyostahili, na kapasita zake (vipuri vinavyohifadhi umeme ndani), ambazo umri wake unakaribia miaka arobaini, zitakuwa zinasukumwa kupita kiwango. Nenda kwa fundi anayesuka mota, mwambie akusukie transfoma ya 230 kwa 100, na uwezo wake uzidi kwa nusu matumizi yaliyoandikwa nyuma ya amplifaya.

Kabla ya kutoa pesa, nenda na mita. Washa amplifaya bila spika, sauti ikiwa chini kabisa, uipe dakika kumi ipate joto, kisha pima umeme wa DC (usiobadili mwelekeo, kama wa betri) kwenye matundu ya spika, kushoto na kulia. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukikuta mamia ya milivolti, iache, kwa sababu umeme huo ukiingia kwenye wufa utapasha koili (waya uliozungushwa unaoisukuma spika) hadi iungue. Kwa mara ya kwanza iwashe kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo upande wa 230. Balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, ndani kuna shoti, nawe utakuwa umejua bila moshi.

Mchumi_AreaC

Mimi ningenunua hedifoni nzuri na pesa ikabaki. Vitu vya zamani vinakula pesa kidogo kidogo mpaka unashangaa.

SikioLaKondoa

Hedifoni anazihitaji kweli kwa kusaka mikwaruzo na pumzi za waimbaji, lakini ndani yake sikio la kushoto halisikii kabisa kinachopigwa kulia, na kwa sababu hiyo ni rahisi kukosea unapopanga waimbaji wa kwaya nani akae upande gani na mwangwi uwe kiasi gani. Zote mbili zinafaa.

Nataka kuongeza jambo linalomhusu mwanzisha uzi hasa. Ilimba yetu ina tundu linalozibwa kwa utando wa buibui, na ule mvumo kama wa nyuki ni sehemu ya sauti yake. Spika yenye ukingo uliopasuka nayo huvuma hivyo hivyo. Siku moja utaufuta mvumo halali wa mzee wa watu ukidhani ni kasoro, au utaiacha kasoro ukidhani ni utando. Kwa hiyo usiijaribu spika kwa muziki wa dukani. Weka kwenye simu mlio mmoja mtupu unaopanda taratibu kutoka hezi 40 hadi 200, usikilize kila spika peke yake. Kisha fungua kitambaa cha mbele na uguse kwa ncha ya kidole ule ukingo laini unaozunguka koni (sehemu ya wufa inayotetemeka). Ukiwa wa mpira, mara nyingi hauna shida. Ukiwa wa sponji na ukaacha unga kidoleni, umekwisha.

MamaMiksa

Mkishamaliza ya umeme, msisahau kiasi cha sauti inayoingia. Saundi kadi (kifaa kinachotoa sauti kutoka kwenye kompyuta) hutoa sauti yenye nguvu kuliko deki za kaseti za wakati ule, hivyo utajikuta unafungua amplifaya kidogo mno, na hapo ndipo vizungusho vya zamani vinapotofautiana sana kushoto na kulia. Punguza kwenye saundi kadi ili kizungusho kifike karibu na katikati. Chomeka kwenye Aux au Tape, kamwe si Phono, kwa kuwa tundu hilo lilitengenezewa sahani za santuri na litaharibu uwiano wote wa besi. Kitufe cha Loudness, kinachokuza besi na trebo, kizimwe, besi na trebo zibaki katikati.

Spika zisimame juu ya matofali ya saruji yenye vipande vya mpira wa tairi juu yake, twita zikiwa usawa wa masikio, na umbali kati yazo uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kichwani kwako. Zisogeze mbali na ukuta, vinginevyo besi ya uongo itakurudia. Nyuma yako tundika mapazia mazito au simamisha godoro. (Mvua ikipiga juu ya bati, zima kila kitu ukapike chai.)

MwanaIlimba

Nashukuru sana, wakuu. Nimerudi kutoka huko leo. Mita imeonyesha milivolti 18 kushoto na 31 kulia. Ukingo ni wa sponji, na wufa ya kulia imeacha unga; ya kushoto bado inashikika. Nimemwonyesha muuzaji kidole changu, akashuka hadi 210,000. Je, nibadilishe ukingo wa kulia peke yake?

FundiKizota

Badilisha zote mbili kwa siku moja na kwa ukingo wa aina moja, kwa sababu mpya na wa zamani havitacheza sawa, na wa kushoto utafuata mwenzake muda si mrefu. Gundi ikikauka, kabla ya kufunga, sukuma koni kwa vidole vyote kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, koili haijakaa katikati. Bandua ukingo uanze upya. Kisha hakikisha chanya na hasi za spika zote mbili zimefuatana, maana moja ikigeuzwa, besi itapotea na utarudi kulekule ulikotoka.